Maji mengi ndiyo huangamiza madungusi ya nyumbani

KATIKA kingo za madirisha na roshani za nyumba nyingi za ghorofa jijini Nairobi, mimea midogo yenye miiba au majani manene imetwaa nafasi iliyokuwa ya maua ya kawaida. Huuzwa katika vitalu vya kandokando ya barabara, haihitaji shamba, na inasifika kwa kustahimili ukame. Hata hivyo, si ajabu mnunuzi kuitupa baada ya miezi michache tu, ikiwa imeoza.

Kinachoiua kwa kawaida si kiu bali ni maji.

Ili kuelewa sababu, yafaa kutazama jinsi mimea hii inavyopumua. Mimea mingi hufungua vitundu vidogo vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya kaboni, na papo hapo hupoteza maji mengi kupitia vitundu hivyo. Madungusi, mishubiri na mimea mingine ya aina hiyo hufanya kinyume. Vitundu vyake hufunguka usiku, wakati wa baridi, na hewa inayoingia huhifadhiwa ndani kama asidi hadi jua linapochomoza na kuwezesha chakula kutengenezwa. Kwa sababu hiyo mmea huu hutumia maji kidogo mno, na yale yanayomwagwa chunguni kila siku hubaki yametuama. Mizizi iliyozoea mchanga mkavu hukosa hewa, nao ukungu wa udongoni huishambulia.

Hapo ndipo mtego mkubwa hutokea. Mmea ambao mizizi yake imeoza hauwezi kufyonza maji, kwa hivyo hulegea na kunywea. Mwenyewe huudhania una kiu, akauongezea maji, na siku chache baadaye shina hugeuka kuwa laini na jeusi kutoka chini. Tofauti ya dalili hizi si ngumu kuitambua kwa mwenye subira: jani lenye kiu hukunjamana na kuwa jembamba lakini hubaki kavu, ilhali lililozidiwa na maji huwa la manjano, teketeke, na hudondoka likiguswa tu. Njia ya hakika zaidi ni kuchomeka kijiti kikavu hadi chini ya chungu. Kikitoka na unyevu, mmea usubiri.

Katika miezi ya joto kavu kama Januari na Februari, kumwagilia mara moja kwa wiki au kila siku kumi huwa kunatosha Nairobi, mradi maji yapite hadi yatokee kwenye matundu ya chini. Baridi ya Juni hadi Agosti ni wakati wa mmea kupumzika, na maji ya mara moja kwa mwezi yaweza kutosha. Wakati wa mvua za masika na vuli, chungu kilichoachwa nje bila paa hakihitaji kumwagiliwa. Kinachohitaji ni kuondolewa mvuani. Mkazi wa Mombasa naye apime kwa kijiti wala asifuate kalenda ya Nairobi, kwani hewa ya pwani ina unyevu mwingi na udongo hukawia kukauka.

Udongo wenyewe una lawama yake. Ule mwekundu wa Nairobi na maeneo ya Kati, unaosifiwa kwa kahawa na mboga, hushika maji na kushikamana kama tofali ukikauka. Nusu yake au zaidi yafaa ichanganywe na mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa na kokoto ndogo, au yale mawe mepesi ya volkano yenye vitundu yanayochimbwa karibu na Longonot. Mchanga wa baharini haufai kwa sababu ya chumvi. Chungu cha udongo uliochomwa ni bora kuliko cha plastiki kwa kuwa hupitisha hewa ubavuni, na chombo chochote kisicho na tundu chini, hata kiwe cha kupendeza namna gani, ni kaburi.

Kuhusu mwanga, vitabu vingi vya ukuzaji viliandikwa Ulaya na hushauri mimea iwekwe kwenye dirisha la kusini. Ushauri huo hauna maana katika nchi inayokatwa na Ikweta. Nairobi, jua huwa upande wa kaskazini katikati ya mwaka na upande wa kusini mwishoni mwake, kwa hivyo dirisha linalotazama mashariki ndilo linalotegemewa mwaka mzima. Mmea uliotoka kivulini kitaluni haufai kutolewa kwenye jua kali la adhuhuri kwa ghafla. Huungua na kubaki na makovu ya hudhurungi yasiyofutika. Haworthia kutoka Afrika Kusini huvumilia kivuli cha sebuleni. Echeveria za Mexico zikikosa mwanga hurefuka shingo na kupoteza umbo lake.

Anayeanza hana haja ya kununua mingi. Mitano au sita inatosha, na ajihadhari na vile vidungusi vyenye kichwa chekundu au cha manjano. Vichwa hivyo havina chembe za kijani za kujitengenezea chakula. Vimepandikizwa juu ya shina la dungusi jingine linalovilisha, na mara nyingi shina hilo huchoka mapema. Baadhi ya wauzaji hubandika maua makavu kwa gundi, hila inayogundulika kwa kutazama kwa karibu.

Jambo la usalama ni kutofautisha dungusi na mnyaa. Madungusi asili yake ni bara la Amerika, isipokuwa aina moja, Rhipsalis baccifera, inayoota pia katika misitu ya Afrika. Ile miti mikubwa kama vinara katika mbuga ya Ziwa Nakuru, ambayo wageni wengi huiita madungusi, ni ya jamii ya minyaa. Ikikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, unaochoma ngozi na unaoweza kudhuru macho vibaya. Mwenye watoto nyumbani aiweke juu wasikofikia, avae glavu anapoikata, na utomvu ukiingia jichoni lioshwe kwa maji mengi na mgonjwa apelekwe hospitalini bila kukawia.

Kenya ina hazina kubwa ya mishubiri na minyaa ya kiasili, na kishawishi cha kusimamisha gari njiani na kung'oa mche mmoja ni kikubwa. Hilo huponza. Amri ya rais ya mwaka wa 1986 ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri mwitu, na kanuni za mwaka wa 2007 zikaelekeza biashara yake kwenye mimea iliyopandwa. Mkataba wa kimataifa wa CITES nao hudhibiti usafirishaji wa takriban jamii yote ya madungusi, minyaa minene na mishubiri, isipokuwa aina chache. Isitoshe, mmea mzee uliong'olewa mara nyingi hufa, ilhali kipande kutoka kwa jirani, kikiachwa kivulini wiki moja hadi kidonda kikauke kisha kikachomekwa kwenye mchanga mkavu, huota mizizi kwa urahisi.

Urahisi huo huo ndio ulioleta balaa Laikipia. Mpungate, dungusi lenye vipande bapa kama sahani na matunda ya zambarau, uliletwa kutoka ng'ambo, ukatoroka, na kufunika malisho ya wafugaji. Ndovu na nyani hula matunda yake na kutawanya mbegu. Mbuzi na ng'ombe wanaoyala huumizwa midomo na miiba. Mwaka wa 2014 wadudu wanaofyonza mmea huo waliachiliwa huko kuupunguza, na kazi ingali inaendelea. Kipande kimoja kikitupwa kwenye ua chaweza kuota kikiwa kimelala. Mabaki ya kupogoa yaanikwe juu ya saruji hadi yakauke kabisa, kisha yachomwe.