Kuchagua Lenzi ya Kupigia Picha Vitu Vidogo

Kishada cha karafuu kikaribiapo kuchumwa, kila tumba huwa na urefu wa sentimita moja na nusu hivi, na rangi yake huanza kugeuka kutoka kijani kuwa nyekundu. Juu ya kishada hicho aghalabu hupita majimoto, wale chungu wekundu washonao majani kwa uzi wa hariri utokao kwa watoto wao. Mwalimu wa Pemba atakaye kuwaonyesha wanafunzi wake mambo haya kwa picha hutambua upesi kwamba lenzi ya kawaida haimfai: akiisogeza karibu, picha huwa na ukungu, akirudi nyuma, mdudu huwa nukta. Hapo ndipo ahitajipo lenzi ya makro, na kwa kuwa bei yake si ya mchezo, yatupasa kueleza namna ya kuichagua.

Lenzi ya makro ya kweli huweza kuchora kitu kwa ukubwa wake wenyewe juu ya bamba lipokealo nuru ndani ya kamera. Huandikwa 1:1. Jina la makro peke yake lisikudanganye, ewe msikilizaji, kwani lenzi nyingi zilizoandikwa hivyo hufika nusu tu ya ukubwa huo, au robo.

Lakini jambo kubwa zaidi ni umbali. Ili kufika 1:1, lenzi ya milimita 60 yataka uso wake uwe sentimita 5 hadi 10 tu kutoka kwenye kitu. Ya milimita 100, kama sentimita 14. Ya milimita 180, karibu sentimita 24. Tumba la karafuu halikimbii, wala kombe la pwani, na kwa hayo ile ya 60 yatosha, ijapokuwa kivuli chake huweza kulifunika tumba. Majimoto si hivyo. Ukiwakaribia mno hutoka kwa wingi, matumbo juu, na wachumaji wa karafuu wayajua sana yafuatayo. Kwa hao twaiona ya 100 kuwa bora. Ya 180 ni nzito na ghali, na mkono hutetemeka.

Kuna shida moja isiyoondolewa na lenzi yoyote. Katika 1:1, hata ukiliziba tundu la nuru hadi namba 11, unene wa sehemu ionekanayo wazi ni kama milimita moja tu. Kusi ikitikisa tawi kidogo, jicho la mdudu limekwisha kupotea. Basi piga picha alfajiri, upepo ungali umelala, na umpate mdudu kwa ubavu.

Asiye na fedha aweza kununua mirija mitupu ya kutia kati ya lenzi yake na kamera. Lenzi ya milimita 50 ikiongezewa mirija ya milimita 50 hufika 1:1 nayo, ila hukikaribia kitu mno.

Wengi wetu hununua lenzi zilizokwisha kutumika. Unyevu wa kisiwani huotesha kuvu ndani yake, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Kabla ya kutoa fedha, lifungue tundu lote, umulike tochi nyuma, utazame mbele. Ukiuona utando huo, mrudishie mwenyewe, hata akikupunguzia bei. Na utakayoinunua usiiweke katika mkoba wa ngozi; itie katika kopo lifungikalo barabara, pamoja na vifuko vya chembe zinyonyazo unyevu.