Angella Okutoyi

Angella Okutoyi (alizaliwa Nairobi, 29 Januari 2004) ni mchezaji wa tenisi kutoka nchini Kenya. Anajulikana hasa kwa kushinda mashindano ya wasichana wawili wawili ya Wimbledon mwaka 2022, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Kwa ushindi huo alikuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam katika ngazi yoyote, ya chipukizi au ya wakubwa.

Katika tenisi ya wakubwa jina lake bado liko mbali na kilele cha orodha ya viwango vya WTA. Mashindano yake mengi ya kulipwa ni yale madogo ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF), ambako wachezaji husaka pointi chache chache ili wapande ngazi. Mwaka 2024 viwango hivyo vilimgharimu nafasi ya kwenda kwenye Michezo ya Olimpiki, ingawa alikuwa ameshinda medali ya dhahabu ya Afrika.

Maisha ya awali

Okutoyi ana pacha wake, Roselida Asumwa, ambaye naye alicheza tenisi. Mama yao alifariki alipowazaa, na watoto hao wakalelewa na bibi yao mzaa mama. Bibi alikuwa mfanyakazi katika shule ya Loreto Convent Valley Road jijini Nairobi, na familia iliishi ndani ya eneo la shule hiyo. Mjomba wao alikuwa kocha wa tenisi, na ndiye aliyewapa raketi wakiwa bado wadogo sana.

Tenisi nchini Kenya kwa muda mrefu imekuwa mchezo wa klabu za wanachama wanaolipa ada. Mtoto asiye na mzazi mwanachama hupata uwanja kwa njia chache tu: shule, kocha anayemjua, au mpango wa shirikisho. Okutoyi alipita katika njia zote hizo tatu, kwani baadaye alichukuliwa na kituo cha mafunzo cha ITF.

Ngazi ya chipukizi

Mwaka 2021 alishinda ubingwa wa Afrika wa chipukizi nchini Tunisia. Ubingwa huo ulimfungulia mlango wa timu ya ziara ya ITF, inayowalipia safari vijana kutoka nchi zisizo na fedha nyingi za tenisi ili waweze kushiriki mashindano makubwa.

Januari 2022 alicheza Australian Open ya wasichana huko Melbourne. Katika raundi ya kwanza alimshinda Mwitalia Federica Urgesi kwa seti tatu, na hivyo kuwa Mkenya wa kwanza kushinda mechi ya Grand Slam ya chipukizi wa kike. Akamtoa pia Zara Larke wa Australia, kisha akasimamishwa na Lola Radivojević wa Serbia katika raundi ya tatu.

Fainali ya Wimbledon 2022

Miezi sita baadaye, mwezi Julai, Okutoyi na Nijkamp walifika fainali ya wawili wawili huko London. Wapinzani wao walikuwa Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Seti ya kwanza ilikwenda kwa Wakanada, 6–3. Ya pili ilichukuliwa na Okutoyi na mwenzake, 6–4.

Katika mashindano ya chipukizi ya wawili wawili seti ya tatu haichezwi yote. Mahali pake huchezwa taibreki ndefu: timu ya kwanza kufikisha pointi 10 hushinda, mradi iwe imeizidi nyingine kwa pointi mbili. Taibreki ya siku hiyo iliisha 11–9. Kwa hesabu za mchezo huu, matokeo ya namna hiyo hayawezi kupatikana bila timu kupitia sare ya 9–9. Maana yake ni kwamba baada ya seti mbili kamili na pointi kumi na nane za taibreki, taji lilikuwa bado halina mwenyewe, na pointi mbili zilizofuata ndizo zilizoamua.

Kabla ya hapo, jina kubwa la tenisi ya Kenya lilikuwa la Paul Wekesa, aliyefika nafasi ya 100 duniani katika mchezo wa mmoja mmoja mwaka 1995 na kushinda pia mataji ya wawili wawili ya wanaume. Wekesa alicheza ngazi ya juu kuliko aliyofikia Okutoyi, lakini hakuwahi kutwaa taji la Grand Slam.

Mchezo wa wawili wawili na viwango vyake

Taji la chipukizi halihamishiwi katika orodha ya wakubwa kama salio la benki. Mchezaji anayeanza ngazi ya kulipwa huanza karibu na sifuri, na huko chini mambo ni magumu.

Mashindano ya wanawake ya ITF yamepangwa kwa madaraja. Tangu mwaka 2024 madaraja hayo huitwa W15, W35, W50, W75 na W100, na namba hiyo inaonyesha pointi anazopata bingwa. Bingwa wa W15 hupata pointi 15. Kwa kulinganisha, taji moja la Grand Slam la wakubwa lina pointi 2,000. Daraja la W15 lina jumla ya zawadi ya dola 15,000 za Marekani, nazo hugawanywa kwa wachezaji wote wa mmoja mmoja na wa wawili wawili. Sehemu kubwa huenda kwa wale wa mmoja mmoja. Timu inayoshinda taji la wawili wawili katika W15 hupata fedha zisizofika dola 1,000, na hizo bado ni za watu wawili. Nauli ya ndege kutoka Nairobi kwenda na kurudi inaweza kuzimeza zote kabla ya kulipa hoteli na chakula.

Umbali nao una uzito wake. Kwa miaka mingi mashindano mengi ya ITF barani Afrika yamefanyika kaskazini, hasa Monastir nchini Tunisia na Sharm El Sheikh nchini Misri, ambako hupangwa wiki baada ya wiki. Mchezaji wa Ulaya anaweza kupanda treni kwenda mashindano ya jirani na kurudi nyumbani akishindwa Jumanne. Mchezaji wa Afrika Mashariki akishindwa Jumanne huko Monastir hubaki hapohapo akisubiri mashindano ya wiki inayofuata, na gharama zinaendelea. Pointi nazo zina umri: baada ya wiki 52 huondolewa, hivyo asiyesafiri mwaka huu hupoteza alichokipata mwaka jana.

Kwa wachezaji wa nafasi za chini, kucheza wawili wawili kuna faida zake. Mtu aliyetolewa mapema katika mchezo wa mmoja mmoja bado ana mechi za kucheza wiki hiyo, na bado ana nafasi ya kurudisha sehemu ya nauli. Ugumu upo katika kumpata mwenza. Timu huingizwa mashindanoni kwa kujumlisha viwango vya wachezaji wote wawili, kwa hiyo mwenye kiwango cha chini humvuta mwenzake chini. Wachezaji wengi wa ngazi hii hupatana na mwenza kwa wiki moja tu, mara nyingine siku ileile ya kujiandikisha, kisha kila mmoja hushika njia yake.

Auburn

Mwaka 2023 Okutoyi alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn katika jimbo la Alabama, Marekani, kwa ufadhili wa masomo. Njia hii imewavutia vijana wengi wa Kiafrika, kwa kuwa chuo hulipia makocha, viwanja, matibabu na safari, na mwanafunzi bado anaruhusiwa kucheza mashindano ya ITF wakati wa likizo. Wekesa naye alipitia chuo cha Marekani, Chapman huko California.

Tenisi ya vyuo vya Marekani inaupa mchezo wa wawili wawili uzito wa pekee. Kila pambano kati ya vyuo huanza kwa mechi tatu za wawili wawili, kila moja ya seti moja tu. Chuo kinachoshinda mbili kati ya hizo hupata pointi moja. Ndipo zinafuata mechi sita za mmoja mmoja, na chuo cha kwanza kufikisha pointi nne kinashinda. Gemu ikifika sare ya 40–40, pointi moja tu inaamua. Mchezaji hana muda wa kujitafuta: akilegea kwa dakika chache, seti imekwisha.

Michezo ya Afrika na Olimpiki ya Paris

Machi 2024, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra, Ghana, Okutoyi alishinda dhahabu ya wanawake ya mmoja mmoja baada ya kumshinda Mmisri Lamis Alhussein Abdel Aziz katika fainali. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika tenisi ya michezo hiyo tangu ile ya Algiers mwaka 1978.

Bingwa wa Accra alitengewa nafasi ya Olimpiki ya Paris, lakini kwa sharti: awe ndani ya wachezaji 400 bora wa WTA ifikapo 10 Juni 2024. Okutoyi alikuwa na miezi mitatu hivi ya kuzipata pointi zilizopungua, katikati ya msimu wa chuo. Hakufikia, na hakwenda Paris. Sharti hilo halikuangalia kwamba alikuwa bingwa wa bara, wala kwamba mashindano ya kutafutia pointi ni machache karibu na nyumbani kwao.

Timu ya taifa

Okutoyi ameichezea Kenya katika Kombe la Billie Jean King, mashindano ya timu za taifa za wanawake. Katika makundi ya Afrika kila pambano lina mechi mbili za mmoja mmoja na moja ya wawili wawili. Nchi yenye mchezaji mmoja hodari hushinda mechi yake na mara nyingi hupoteza nyingine, kisha mechi ya wawili wawili ndiyo inayoamua. Mchezaji huyo hurudi tena uwanjani siku hiyohiyo, safari hii akiwa na mwenzake.

Victoria Mboko, aliyekuwa upande wa pili wa wavu katika fainali ya 2022, ni binti wa wazazi kutoka Kongo na alikulia Kanada. Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka 18, alitwaa taji la wakubwa la Canadian Open huko Montreal kwa kumshinda Naomi Osaka katika fainali.