Kompyuta za Mwanjelwa hazijafa

Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft wameacha kuihudumia Windows 10. Mashine haijazimika kwa sababu hiyo. Inawaka kama siku zote, inachapa barua, inafungua intaneti. Kilichokoma ni masasisho ya usalama yaliyokuwa yakija kila mwezi kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni hupenya. Mtu binafsi anaweza kujiandikisha aongezewe muda mpaka Oktoba 2026. Baada ya hapo, kampuni inamwambia ahamie Windows 11.

Sasa pita kwenye steshenari za Mwanjelwa, Kabwe na Mafiati, hapa jijini Mbeya, uangalie chini ya meza. Utakuta Dell OptiPlex na HP za mtumba, mashine zilizotumika maofisini ughaibuni kabla ya kuletwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye basi la Mbeya. Windows 11 inataka, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM, toleo la 2.0. OptiPlex 7010, iliyotoka 2012, ina prosesa ya kizazi cha tatu. Iwekee diski ya SSD na ramu ya gigabaiti 8, itachapa na kuskani kutwa nzima bila kukwama. Kwa masharti mapya, hata hivyo, haihesabiki.

Mafundi wetu wana jibu la haraka: "Lete mashine, dada, tunakupigia Windows 11 hivyo hivyo." Wanaruka ukaguzi, wanaiweka, kisha wanavunja leseni kwa programu iliyookotwa mtandaoni. Programu hizo mara nyingi hudai uzime kinga ya virusi kwanza ndipo zifanye kazi. Fikiria kompyuta ya steshenari inabeba nini: vyeti vya watoto wa watu, namba za NIDA, nywila za Ajira Portal, fomu za mkopo wa HESLB. Mama aliyetoka Tukuyu alfajiri kumjazia mwanawe fomu hawezi kujua kwamba mlango wa mashine ile umeachwa wazi. Mimi naliona jambo hili ni zito, achilia mbali Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inayokataza kutumia programu kwa wizi.

Leseni halali ya Windows 11 kwa matumizi ya nyumbani inauzwa Marekani kwa dola 139. Hiyo ni zaidi ya shilingi laki tatu, na mashine yenyewe bado haijakubaliwa. Ndiyo maana nasema wenye steshenari waitazame Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwa macho makavu, bila ushabiki na bila woga.

Linux si jambo geni. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na leo simu zote za Android mifukoni mwetu zinaendeshwa na kiini chake. Ubuntu, mojawapo ya matoleo yake yanayojulikana zaidi, ilitoka Oktoba 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka Sweden, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili. Watanzania walikuwa ndani ya kazi hii miaka 20 na ushee iliyopita. Inaniuma kwamba leo kijana anaweza kumaliza diploma ya kompyuta bila kuijua habari hiyo.

Je, kazi za steshenari zinahama? Sehemu kubwa inahama bila shida, kwa sababu imeshatoka kwenye kompyuta na kwenda mtandaoni. Maombi ya ajira, mikopo ya wanafunzi, leseni za biashara, matokeo ya NECTA, namba za malipo ya serikali, vyote hufunguliwa kwa kivinjari. Firefox ya kwenye Linux ni Firefox ile ile.

Kuna faida moja ambayo mwenye steshenari ataiona siku ya kwanza. Mwanafunzi analeta flashi yenye ripoti ya utafiti. Kwenye Windows anaona njia za mkato tupu, ndogo ndogo, na folda lake halipo. Ni kirusi kinachoficha mafolda na kuweka picha za bandia mahali pake, na akibofya tu, mashine nayo inaambukizwa. Chomeka flashi hiyo kwenye Linux: folda linaonekana palepale, na kirusi kimekaa pembeni hakina cha kufanya, maana kiliandikwa kwa ajili ya Windows.

Pa kuangalia kwa makini ni printa na maandishi. Printa nyingi za HP hutambuliwa zikichomekwa tu, lakini LaserJet P1102, kale kadogo keusi kanakopendwa sana madukani, huhitaji kipande cha ziada cha programu kutoka HP. Bila hicho karatasi haitoki, na mteja ataondoka akisema Linux haifai. Kuhusu maandishi, programu ya ofisi ya LibreOffice hufungua faili za Word, na ina mwandiko wa Carlito wenye upana sawa na Calibri, pamoja na Liberation Serif unaolingana na Times New Roman. Ripoti ya kawaida hukaa mahali pake. CV yenye jedwali ndani ya jedwali, visanduku na picha ya pasipoti pembeni huweza kusogea, hivyo mwombe mteja alete PDF, au hakiki ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuchapa.

Kadi za harusi na fulana zina mambo mengine. Anayeishi kwa CorelDRAW, Photoshop au Publisher asidanganywe: programu hizo hazina toleo la Linux. Mbadala wake, Inkscape na GIMP, ni nzuri, ila kujifunza upya katikati ya msimu wa harusi ni hasara. Duka lenye mashine tatu lihamishe mbili, moja ibaki na Windows kwa kazi za ubunifu, ikiwezekana bila intaneti.

Hata wakubwa waliohamia Linux wamewahi kugeuka. Jiji la Munich, Ujerumani, lilihamishia Linux kompyuta zaidi ya 14,000 kwa takriban miaka kumi, kisha 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows. Siasa ilikuwamo, pamoja na manung'uniko ya watumishi. Mtumiaji asiyeandaliwa huona kila tatizo limeletwa na mfumo mpya, hata waya wa printa ukichomoka.

Na Mbeya tumepungukiwa mafundi wa Linux wa kumwandaa. Wa kupiga Windows ni wengi, na wanakula kwa kurudiwa: virusi vikiingia, mteja anarudi, analipa tena. Fundi wa Linux atatoza kwa kuhamisha mafaili, kufunga printa na kumfundisha binti wa kaunta kwa siku mbili tatu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kilichoanza 1986 kama chuo cha ufundi, kipo hapo hapo jijini. Wanafunzi wake wa kompyuta wanaotafuta pa kufanyia mafunzo kwa vitendo wangepangiwa steshenari, kila wawili na duka lao, kabla ya Oktoba 2026.

Ukimpata fundi, usimruhusu afute kitu siku hiyo. Nakili kwanza mafaili yote kwenye diski ya nje. Kisha awashe Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kugusa kilichomo kwenye kompyuta, akupe kiti. Chapa barua, skani cheti, fungua Ajira Portal, toa kopi moja kwenye printa yako mwenyewe. Kikikataa kitu, zima, chomoa flashi, na Windows yako iko vilevile.