Mlango wa kuingia mpana, wa kutoka mwembamba

NDUGU msomaji, wahenga walituachia maneno mawili tu, lakini yana uzito wa kitabu kizima: rahisi ghali. Siku hizi duka limehamia ndani ya simu, na mtu anaweza kununua sufuria huku amekaa jikoni anasubiri maharage yaive. Ni wakati wa kuyakumbuka upya maneno hayo. Leo tunakuletea yaliyowapata wateja wa duka kubwa kabisa la mtandaoni nchini Marekani. Hatufanyi hivyo ili kuwacheka, bali ili tujifunze kwao kabla shubiri hiyo haijafika vinywani mwetu.

Duka hilo ni Amazon. Lilianzishwa na Jeff Bezos mwaka 1994 katika jimbo la Washington, likaanza kuuza mwaka 1995, na bidhaa yake ilikuwa vitabu tu. Leo linauza nepi za watoto, vipuri vya magari, dawa za meno na maelfu kwa maelfu ya vitu vingine. Mwaka 2021 Bezos aliwaarifu wenye hisa kwamba wanachama wa mpango wa duka hilo uitwao Prime walikuwa wamezidi milioni 200 duniani.

Tuseme haki: watu hao hawakuburutwa kwa kamba. Mgonjwa asiyeweza kutembea, mzazi anayerudi kazini usiku, na mtu aishiye mbali na miji, wote wamepata nafuu ya kweli. Bidhaa isiyofaa, mara nyingi mteja huirudisha na kurejeshewa fedha zake. Wenye maduka wetu waliobandika ukutani tangazo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi wana la kujifunza hapo.

Kubonyeza mara moja

Lakini ipo siri moja katika mafanikio ya duka hilo ambayo kila mwenye familia anapaswa kuielewa. Siri yenyewe ni kuondoa kila kikwazo kilichopo kati ya mteja na malipo. Mwaka 1999 serikali ya Marekani iliipa Amazon haki ya pekee ya uvumbuzi wa kununua kwa kubonyeza mara moja tu, haki ambayo ilikwisha muda wake mwaka 2017. Namba ya kadi ya benki na anwani ya mteja huwa zimekwisha kuhifadhiwa. Kidole kikigusa kitufe, fedha zimekwenda.

Hebu fikiri, ndugu msomaji, mambo yanavyokuwa katika duka la mtaani. Unatoa pochi, unahesabu noti, unakabidhi, unasubiri chenji. Ni katika hatua hizo ndogo ndipo akili hupata nafasi ya kuuliza: je, kitu hiki ninakihitaji kweli? Anayeziondoa hatua hizo anamwondolea mnunuzi na nafasi ya kujiuliza.

Watoto ndio walioonyesha hatari hiyo mapema. Kuanzia mwaka 2011, Amazon iliruhusu michezo ya kwenye simu na vishikwambi kuuza vikorokoro ndani ya mchezo wenyewe: nyota, sarafu za kuchezea, chakula cha wanyama wa kubuni. Mwanzoni hapakutakiwa neno la siri. Mtoto akibonyeza, kadi ya mzazi ilikatwa fedha halisi, na bei ya kitu kimoja iliweza kuanzia senti 99 hadi karibu dola 100. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo mwaka 2014. Mwaka 2016 mahakama iliona kwamba wazazi walitozwa bila ridhaa yao, na mwaka 2017 ukafunguliwa mlango wa kurejesha zaidi ya dola milioni 70.

Utenzi mrefu wa kutoka

Kisa kikubwa zaidi kilikuja kwa njia ya mpango huo wa Prime. Ulianza mwaka 2005 kwa ada ya dola 79 kwa mwaka, na mwanachama alifikishiwa bidhaa zake katika siku mbili bila kulipia usafirishaji. Ada ilipanda hatua kwa hatua, na mwaka 2022 ikafika dola 139 kwa mwaka, au dola 14.99 kwa anayelipa kila mwezi. Kwa anayenunua mara kwa mara, hesabu hiyo inaweza kumlipa. Je, kwa yule asiyejua kwamba amejiunga?

Mwezi Juni mwaka 2023 Tume ile ile ilifungua kesi katika mji wa Seattle. Ilidai kwamba mteja aliyekuwa akikamilisha manunuzi yake alikutana na kitufe kikubwa chenye kung'aa kilichomwahidi usafirishaji wa bure. Njia ya kukataa iliandikwa kwa maandishi hafifu, pembeni. Wengi walibonyeza wakidhani wanamaliza kununua, kumbe wametia saini ya uanachama, na tangu siku hiyo kadi zao zikawa zinakatwa mwezi baada ya mwezi. Haba na haba hujaza kibaba. Tatizo ni kwamba kibaba kilichokuwa kikijaa hakikuwa cha mteja.

Na kutoka je? Hapo ndipo penye ajabu. Kwa mujibu wa mashtaka, kujiunga kulihitaji kubonyeza mara moja au mbili. Kujiondoa kulimpitisha mteja katika kurasa nne, kubonyeza mara sita na machaguo kumi na matano. Kila ukurasa ulimshawishi abaki, ukamkumbusha atakavyokosa, ukamwonyesha njia nyingine isiyomfikisha mlangoni. Ndani ya kampuni yenyewe utaratibu huo ulipewa jina la Iliad. Hilo ni jina la utenzi wa Homer wa Ugiriki ya kale, wenye mistari zaidi ya 15,000, unaosimulia vita vya Troy ambavyo havikuwa na mwisho wa haraka.

Mwezi Septemba mwaka 2025, siku chache baada ya kesi kuanza kusikilizwa, pande mbili zilipatana. Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5: bilioni moja ikiwa ni faini, na bilioni moja na nusu ya kuwarejeshea wateja. Tume ilikadiria kwamba walioguswa walikuwa watu milioni 35. Kampuni haikukiri kosa, lakini ilitakiwa kuweka kitufe cha wazi cha kukataa Prime na kurahisisha njia ya kujitoa.

Angalia sasa upande wa mteja mmoja mmoja. Kiwango cha juu alichoweza kurejeshewa katika mapatano hayo kilikuwa dola 51. Aliyekatwa ada ya mwaka mmoja tu ya dola 139 bila kujua, akirudishiwa kiasi hicho, amepata zaidi kidogo ya theluthi ya fedha zake. Sheria ilifanya kazi, lakini ilichelewa, na ilikuja na kibaba kidogo. Ndiyo maana tunasema ulinzi wa kwanza wa fedha za familia uko mikononi mwa familia yenyewe.

Na sisi je?

Huenda utasema, msomaji, kwamba hayo ni ya Wamarekani na kadi zao. La hasha. Ni kweli kwamba Jumia, kampuni kubwa ya biashara ya mtandaoni, ilifunga shughuli zake hapa Tanzania mwezi Novemba mwaka 2019. Lakini ununuzi wa mtandaoni haukufa. Wauzaji wamejaa katika mitandao ya kijamii, na malipo yanakwenda kwa simu. Tena mchezo wa mlango mpana na mlango mwembamba tunaufahamu siku nyingi. Nani hajapata kuona salio la simu likipungua kwa ajili ya mwito wa wimbo au ujumbe wa kila siku ambao hakumbuki kuuomba? Kujiunga kulikuwa tarakimu moja. Kujiondoa mpaka utafute wa kumuuliza.

Basi na tuchukue hadhari. Kabla ya kubonyeza, soma mstari mdogo kuliko yote, kwa maana huko ndiko bei huwekwa. Neno “bure” likiambatana na ombi la namba ya kadi au namba ya siri, jiulize ni bure kwa siku ngapi, na siku ya pili yake inakuwaje. Ukikubali kujaribu huduma kwa mwezi mmoja, iandike tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ukutani. Tena jifunze namna ya kutoka kabla hujaingia.

Simu anayochezea mtoto isiwe na njia ya kulipa isiyofungwa kwa neno la siri. Nao baba na mama wakae pamoja mara moja kwa mwezi, wapitie orodha ya malipo ya simu na ya benki, mstari kwa mstari. Palipo na makato msiyoyatambua, msiyadharau kwa kuwa ni madogo. Hifadhini ujumbe na risiti, mdai maelezo kwa aliyekata. Asiposikia, kwa mambo ya simu ipo Mamlaka ya Mawasiliano, na kwa haki za mlaji ipo Tume ya Ushindani.

Biashara ya mtandaoni ni chombo kizuri, na si shabaha yetu kuwatisha wananchi wakikimbie. Tunachodai ni jambo dogo: mfanyabiashara anayejua kutukaribisha kwa kitufe kimoja, atuage pia kwa kitufe kimoja. Mpaka hapo atakapofanya hivyo kwa hiari, au kwa kulazimishwa na sheria, kila mmoja wetu atazame mlango wa kutokea kwanza, ndipo aingie.