Herufi Kubwa na Ndogo katika Uhamishaji wa Hifadhidata za Vidahizo vya Kiswahili

Kiswahili kilipoandikwa kwa hati za Kiarabu hakikuwa na herufi kubwa wala ndogo. Tofauti hiyo ililetwa na hati za Kilatini, na leo inabeba maana: Tanga ni mji, tanga ni la jahazi, Baraka ni jina la mtu, baraka ni neema. Makala haya yanafafanua yanayoikumba tofauti hiyo pale data za kileksika zinapohamishwa kutoka MySQL kwenda PostgreSQL.

Isipoelekezwa vinginevyo, MySQL hulinganisha matini bila kujali ukubwa wa herufi. Anayetafuta "kiswahili" hupata pia "Kiswahili" na "KiSwahili", tahajia ambayo baadhi ya wanaisimu huipendelea. Kwa PostgreSQL, hayo ni maandishi matatu tofauti. Baada ya kuhama, utafutaji uleule hurejesha matokeo machache, wala hakuna onyo, kwa kuwa machoni pa mfumo hapana kosa lililotendeka. Mtafiti anayehesabu matumizi ya neno anaweza kuchapisha idadi pungufu bila kujua.

Tiba inayotajwa mara nyingi ni aina ya data iitwayo citext, ambayo hulinganisha maneno kana kwamba yote yameandikwa kwa herufi ndogo. Kwa anwani za baruapepe inafaa. Kwa vidahizo inarudisha kasoro ya awali: penye sharti la upekee, Tanga ikishaingizwa, tanga hukataliwa. Afadhali kidahizo kihifadhiwe kama kilivyoandikwa, kisha ijengwe faharasa, isiyo ya upekee, juu ya umbo lake la herufi ndogo linalotolewa na amri ya lower. Utafutaji nao utumie amri hiyohiyo kwa neno lililoingizwa na kwa safu inayotafutwa. (Homonimu kama tanga nomino na tanga kitenzi zinahitaji namba zake kwa vyovyote.)

Kazi ngumu zaidi imo katika majedwali yanayorejeleana. Katika MySQL, sentensi ya mfano iliyofungwa kwa "tanga" huweza kuegemea kidahizo "Tanga" miaka yote bila pingamizi. PostgreSQL huikataa sentensi hiyo mara sharti la urejeleo linapowekwa. Kugeuza herufi zote kuwa ndogo kutanyamazisha kosa, lakini hakutasema iwapo sentensi inahusu mji au chombo. Hilo ataliamua mwanaleksikografia, sentensi baada ya sentensi.