Utangulizi: Fedha Zinazopotelea kwenye Mifumo ya Ndani

Kampuni inapoamua kujitengenezea programu yake yenyewe, iwe ya kukokotoa mishahara, kusimamia stoo au kufuatilia mikopo, imefanya uwekezaji sawa na kujenga ghala. Tofauti ni kwamba ghala lililokwama kila mpita njia huliona: kuta zimesimama, paa hakuna. Mfumo uliokwama hauonekani. Watengenezaji wanafika kazini, mishahara inalipwa, na ripoti inasema kazi imefikia asilimia 80. Mwaka unapita, ripoti inasema 85.

Taaluma unayokaribishwa hapa huuliza fedha hizo zinakwenda wapi. Jibu lake kuu ni kwamba sehemu kubwa ya hasara haizaliwi kwenye kompyuta bali kwenye vikao, pale wenye mamlaka wanapoanzisha mradi kwa haraka, wanapouendeleza kwa mazoea au wanapoogopa kuusitisha. Ndiyo maana mhasibu, mkaguzi wa ndani na mjumbe wa bodi wana nafasi humu sawa na mhandisi.

Maswali yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, kwa udhamini wa NATO, na miongoni mwa waliyojadili ni kwa nini programu kubwa huchelewa na kuvuka bajeti. Mwaka 1975 Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 katika kampuni ya IBM, alichapisha The Mythical Man-Month. Alionyesha humo kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Wapya hufundishwa na wenyeji walewale waliokwisha kuelemewa, na mawasiliano huongezeka kuliko mikono: watu 5 wana jozi 10 za kuelewana, watu 10 wana jozi 45. Hata hivyo, kuomba watu zaidi kumebaki kuwa jambo la kwanza linalosemwa mradi unapochelewa.

Tuutazame mradi mmoja kwa karibu. Mwaka 2008 BBC ilianza kujenga Digital Media Initiative, mfumo wa kuwawezesha watumishi kutengeneza, kuhifadhi na kupeana picha na sauti kwenye kompyuta zao, bila kanda. Kazi ilipewa Siemens. Mwaka 2009 mkataba ukavunjwa kwa makubaliano, na BBC ikaendelea nayo yenyewe. Aprili 2013, Margaret Thatcher, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, alipofariki, iliripotiwa kwamba kanda zenye picha zake za zamani zilisafirishwa kwa teksi na treni ya chini ya ardhi kutoka hifadhi ya Perivale hadi studio za katikati ya London. Mwezi uliofuata Mkurugenzi Mkuu, Tony Hall, aliusitisha mradi. Hasara ilikuwa pauni milioni 98.4.

Taarifa ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza, iliyotoka Januari 2014, inastahili kusomwa taratibu. Kilichosalimika kilikuwa hifadhidata ya kumbukumbu yenye watumiaji wa kawaida 163, iliyogharimu pauni milioni 3 kwa mwaka kuiendesha. Mfumo wa zamani, wenye umri wa miaka 40, uligharimu pauni 780,000 kwa mwaka. Wakaguzi walibaini pia kwamba hakukuwa na kiongozi mmoja mwandamizi aliyebeba dhamana ya mradi mzima, na kwamba nguvu zilielekezwa kwenye teknolojia kuliko kwenye kubadili namna watu wanavyofanya kazi.

Mkasa huo unafungua milango mitatu ya taaluma hii. Wa kwanza ni gharama isiyoonekana. Mkandarasi huleta ankara. Idara yako ya TEHAMA haileti. Kwa kuwa mishahara italipwa vyovyote iwavyo, kazi ya ndani huonekana kama ya bure, na hakuna anayehesabu ni jambo gani lenye faida zaidi watu wale wangeweza kulifanya.

Mlango wa pili ni mazoea. Lidl, kampuni ya Ujerumani ya maduka ya rejareja, ilitumia miaka saba kujenga mfumo juu ya programu ya kampuni ya SAP kabla ya kuuacha mwaka 2018. Vyombo vya habari vilikadiria gharama kuwa takribani yuro milioni 500. Kikwazo kimojawapo kilichotajwa ni kwamba Lidl ilithamini bidhaa zake kwa bei ya kununulia, ilhali programu ilipangwa kwa bei ya kuuzia. Kampuni haikutaka kubadili desturi, ikaibadili programu, na kila badiliko likadai jingine.

Wa tatu ni ugumu wa kuacha. Mwaka 1985 Hal Arkes na Catherine Blumer walieleza jaribio lao kwenye ukumbi wa tamthilia huko Ohio: baadhi ya wanunuzi wa tiketi za msimu walipunguziwa bei, wengine hawakupunguziwa. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi, ingawa tamthilia zilikuwa zilezile. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwenye chumba cha bodi, hekima hiyo hugharimu mamilioni. Fedha iliyokwisha kutumika hairudi kwa kuongezewa nyingine. Linalobaki kuulizwa ni kama salio litakalotumika kuanzia leo litaleta faida inayolizidi.

Kabla ya kuendelea, chagua mfumo mmoja wa taasisi yako na uutafutie majibu matatu: watu wangapi huutumia kwa kawaida, unagharimu kiasi gani kwa mwaka pamoja na mishahara ya wanaoutunza, na nani ana mamlaka ya kuusitisha. Usipopata jina kwa swali la tatu, anza utafiti wako hapo.