Pipa, Mtungi au Ndoo: Chombo cha Kuchachushia Pombe

Mtengenezaji wa mbege mkoani Kilimanjaro huchemsha ndizi mbivu kwa saa nyingi, huziacha zichachuke kwa siku kadhaa, kisha huchanganya maji yake na uji wa kimea cha ulezi. Ndizi huchaguliwa kwa makini, na kimea hali kadhalika. Lakini chombo cha kuchachushia aghalabu huwa ni kile kilichopo nyumbani. Jambo hili lina hatari yake, kwani pombe hula chombo inamokaa.

Sababu ni hii. Katika uchachukaji, hamira hula sukari na kutoa alkoholi pamoja na hewa ya ukaa. Sambamba na hamira, wamo bakteria watoao asidi, ile ile inayoyapa maziwa ya mgando ukali wake. Asidi hiyo ni mlinzi wa pombe, kwa kuwa vijidudu vingi vya maradhi haviwezi kuistahimili. Hata hivyo, ndiyo hiyo hiyo iyeyushayo madini.

Chombo kinachoonekana imara kuliko vyote, yaani pipa la chuma la lita 200, ndicho kinachostahili kuogopwa zaidi. Mwaka 1929, daktari Strachan wa Johannesburg alieleza habari za maini yaliyojaa chuma kupita kiasi miongoni mwa Waafrika. Uchunguzi wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba chanzo kikubwa kilikuwa pombe ya kienyeji iliyochachushwa katika vyombo vya chuma. Lita moja ya pombe ya namna hiyo ilikutwa na miligramu 40 hadi 80 za chuma, ilhali bia ya kiwandani huwa na chini ya nusu miligramu. Mwili wa binadamu hupoteza takribani miligramu moja tu ya chuma kwa siku, na hauna njia ya kutoa ziada. Kwa hiyo ziada hujilimbikiza mwaka baada ya mwaka, ikadhuru ini, na hata kongosho, mpaka mtu akapata kisukari. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulidokeza kwamba urithi nao una sehemu yake. Huenda ndiyo sababu wanywaji wawili wa pipa moja wasipatwe na madhara sawa.

Wapo wasemao kwamba chuma huongeza damu. Ni kweli kwa aliyepungukiwa nacho. Lakini mzee anywaye lita mbili kila jioni hatibiwi upungufu wowote.

Ndoo ya mabati haifai pia. Rangi yake ya kung'aa ni tabaka la zinki, nayo huyeyuka upesi katika asidi. Zinki ikizidi huleta kichefuchefu, kutapika na msokoto wa tumbo katika muda mfupi.

Mtungi wa udongo una faida ambayo wazee waliijua bila ya kipimajoto. Maji hupenya polepole katika vitundu vyake na kukauka nje, hivyo mtungi hupoa. Uchachukaji hutoa joto, na chombo kikubwa hulihifadhi zaidi: kipenyo kikiongezwa mara mbili, ujazo huongezeka mara nane, lakini eneo la kutolea joto mara nne tu. Vitundu hivyo huhifadhi pia hamira ya safari iliyopita, na kwa bahati mbaya huhifadhi vijidudu viharibifu. Hivyo mtungi uoshwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani; sabuni hunasa humo na kuharibu ladha. Vyungu vilivyopakwa rangi ya kung'aa viepukwe, kwani baadhi ya rangi hizo zina risasi.

Ndoo ya plastiki ni nyepesi na haitoi chuma, ila ni lazima historia yake ijulikane. Alama ya bilauri na uma huonyesha kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya chakula. Pipa lililowahi kubeba dawa ya mimea halitakasiki hata likioshwa mara kumi, maana plastiki hufyonza dawa. Isuguliwe kwa kitambaa, si kwa mchanga wala steeliwaya, kwani mikwaruzo ni maficho ya bakteria.

Kifuniko kisikazwe. Kilo moja ya sukari ikichachuka yote hutoa zaidi ya lita 250 za hewa ya ukaa, na chombo kilichozibwa kabisa chaweza kupasuka. Kikiachwa wazi, bakteria wapendao hewa huigeuza pombe kuwa siki. Jani la mgomba au kitambaa safi kilichofungwa mdomoni chatosha.

Asiye na chombo kingine cha kuchemshia ila pipa la chuma, achemshe humo uji ambao bado haujachachuka, kisha auhamishe siku hiyo hiyo. Kabla ya kumiminwa katika plastiki uachwe upoe, na hamira itiwe tu pale mkono unapoweza kuvumilia joto lake.